Mshumaa wa Mikaeli katika Nyumba Namba Tano

Nyumba ya Bibi Stanojka ni namba tano katika makumbusho yetu ya nyumba za kale, baada ya kinu cha kusagia nafaka na kabla ya ghala la mahindi. Ilipohamishwa mimi nilikuwa bado shuleni. Mafundi waliandika namba kwa rangi nyekundu kwenye kila gogo, wakaibomoa, wakaipakia kwenye malori na kuisimamisha upya huku mlimani. Bibi aliitoa kwa sharti moja: kila tarehe ishirini na moja Novemba aachiwe aadhimishe humo Slava, siku ya mtakatifu wa ukoo, Malaika Mkuu Mikaeli, kwenye meko yale yale ya baba mkwe wake.

Mwaka huu ametimiza miaka themanini na mitatu, na mwanawe wa pekee, Vukoman, alikuwa anakuja kutoka Austria. Kwetu Slava huipokea mwana. Asipoipokea, inaishia hapo. Bibi alinipigia simu mara nne kuniambia kwamba safari hii Vukoman hatakataa, kwa sababu safari hii ataulizwa mbele ya meko.

Niliwasha moto tangu asubuhi. Nikaleta na bakuli la ngano iliyochemshwa na kutiwa sukari, nikidhani nasaidia.

"Hii nini?" Bibi akauliza.

"Ngano ya Slava, Bibi."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ngano ni ya wafu, mwanangu! Mikaeli ni malaika, yuko hai. Au alikufa lini, nami sikuitwa mazikoni? Miaka minne chuo kikuu, hili hawakukufundisha?"

Uso ukaniwaka. Nyumbani kwetu mtakatifu wetu ni Nikola, na Nikola hupikiwa ngano. Nikalitoa bakuli nje.

Vukoman alifika saa sita mchana. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, fundi wa plasta huko Linz, vidole vimepasuka kwa saruji. Aliinama mlangoni, akambusu mama yake mara tatu, kisha akasimama akiitazama kamba tuliyoifunga ili wageni wasiguse kitanda.

"Hata mahali nilipozaliwa pamefungwa kamba."

"Ivuke," Bibi akasema. "Pako."

"Pangu? Nimekata tiketi pale langoni, mama."

Bibi akageukia meza. Aliwasha mshumaa, akamimina mvinyo mwekundu juu ya mkate wa Slava, akauinua. Mkate ule hauzungushwi na mtu mmoja. Mwenye nyumba hushika upande huu na mrithi upande ule, wanauzungusha pamoja, ndipo unakatwa.

"Shika, Vukoman."

Vukoman aliacha mikono yake mifukoni. "Nikiipokea Slava niipeleke wapi? Ghorofa ya nne? Watoto wangu wanaota kwa Kijerumani."

"Utakuja hapa. Kila mwaka, kama mimi."

"Nije nifanye nini, nipigwe picha nikisali?"

"Niliitoa nyumba isioze!" Sauti ya Bibi ikapanda. "Paa lilikuwa linaanguka. Nilikupigia simu, ukasema tutaona. Miaka mingapi tutaona, tutaona?"

"Ungeiacha ianguke," akasema polepole. "Ningekuwa na mahali pa kurudi, hata kama ni mawe matupu."

Bibi alikuwa bado ameuinua mkate peke yake. Sijui ujasiri niliutoa wapi, mimi ambaye hata nikiwaongoza wageni wa makumbusho hutazama viatu vyao. Nilisogea, nikaweka mikono yangu upande wa pili wa mkate.

Bibi alinitazama kwa upole. "Toa mikono, mwanangu. Wewe una mtakatifu wako."

Nikaitoa.

Mume na mke wenye ramani ya makumbusho wakachungulia mlangoni. "Samahani, onyesho linaanza saa ngapi?"

"Limekwisha," Vukoman akasema. Akawapita, akaenda kuwasha gari ili mama yake asikute baridi ndani.

Bibi aliuweka mkate mezani bila kuukata. Mshumaa ulikuwa haujapungua hata robo. Akauzima kwa tone la mvinyo, kama afanyavyo mwenye nyumba, akanikabidhi ungali moto.

"Uandike kama mnavyoandika vitu vyenu."

"Lakini Bibi, mwakani utauhitaji…"

"Kwa kazi gani? Andika."

Nikatoa kadi ya kusajili vitu vya makumbusho. Kitu: mshumaa wa nta. Mahali: nyumba namba tano. Waliowasha mshumaa wa Slava humo: akanitajia baba mkwe wake Milentije, mumewe Dragutin, kisha jina lake mwenyewe. Nikangoja jina la nne, kalamu juu ya karatasi. Nje honi ililia mara moja, kidogo tu, kama mtu anayeona aibu kuwaharakisha wengine.

"Basi," Bibi akasema, akakaza kitambaa chake kichwani na kutoka.

Moto niliuacha ufe wenyewe. Sikuweza kuumwagia maji.