Jumaa Alimchekea Nani?

Mwaka 1952 idara ya mifugo ilileta picha ya sinema iitwayo Mbuzi Bora. Wanakijiji wa Naipingo waliitazama kwa muda wa kumaliza muhogo mmoja wa kuchoma, kisha bwana aliyekaa mbele akainuka, akajikung'uta, akasema, "Mbuzi tunao." Wote wakamfuata nje. Isihaka, mwendesha mashine ya sinema, akabaki anaionyesha mikeka.

Mambo yakawa hivyohivyo Chiola. Isihaka akarudi nyumbani Nachingwea amenuna.

"Waonjeshe kwanza," mkewe Biasha akamshauri. "Muuza papai hukata kipande."

Isihaka alikuwa na nakala ya zamani ya picha hiyo, imechakaa. Akaikata kwa mkasi wa kushonea, akaviunga vipande kwa gundi. Mbuzi wakitafuna, mbuzi wakitafakari, hao aliwatupa wote. Akabakiza jicho la mbuzi lililojaa kitambaa kizima cha sinema, kisu cha kukatia kwato (kwato zenyewe akaziondoa), mlango wa banda ukifungwa, nyuso mbili za watu, na mtu akikimbia. Mlango aliuacha ufungwe polepole. Mkimbiaji alimkata vipande vifupivifupi, maana alikuwa amegundua kwamba kipande kirefu humpa mtazamaji nafasi ya kupiga miayo, na kifupi humnyima hata ya kupumua.

Biasha akashughulikia rangi. Alipaka kioo bluu ya kufulia, kingine wino mwekundu, cha tatu manjano na mafuta ya nazi, akawa anavishika kwa zamu mbele ya mwanga wa mashine. Wakajaribu ukutani kwa mbuzi mmoja.

Kwa bluu Biasha akasema, "Maskini, amefiwa."

Kwa manjano akasema, "Huyu anaolewa kesho."

Kwa nyekundu aliweka kioo chini. Alikwenda kufunga mlango.

Siku ya soko wakakipeleka kionjo chao Ruangwa, kwenye ghala tupu la ufuta, milango na madirisha yakafungwa mchana kweupe. Biasha alishika vioo. Isihaka alinguruma kwenye tarumbeta la bati: "Alikuwa mtu mwema! Lakini siku moja akatazama asichopaswa kutazama! Yote mtayaona Jumamosi, ghala la karanga, Nachingwea!"

Miongoni mwa watazamaji alikuwamo Mwanawetu wa Narung'ombe, aliyekuja kuuza ufuta. Alikuwa akijua kwamba mumewe, Jumaa, aliwahi kupigwa picha na watu wa idara, kwa kuwa Jumaa hakuacha kulitaja jambo hilo. Sasa akamwona kitambaani katika mwanga wa manjano, anatabasamu kwa utamu wa ajabu. Papo hapo akatokea msichana aliyevaa kanga, akainua uso, akafumba jicho moja. Mlango ukajifunga polepole. Kila kitu kikawa chekundu. Jumaa anakimbia! Kisu! Jumaa anakimbia!

"Amefumaniwa," akasema mtu nyuma yake.

Jumaa alipotoka shamba jioni alimkuta mkewe amefunga mkeka na sufuria.

"Yule anayekonyeza ni nani, baba Kaimu?"

"Anayekonyeza wapi?"

"Ruangwa nzima imeona unavyomchekea."

Jumaa akafikiri mpaka akakumbuka siku ya kupigwa picha. "Mama Kaimu, wallahi, nilimchekea beberu wetu!"

"Beberu anavaa kanga?"

Mwanawetu akajitwika mzigo, akaenda kwa kaka yake Ruangwa.

Jumaa akapiga baiskeli hadi Nachingwea, akafika vumbi mpaka kwenye kope. "Bwana sinema, nirudishie mke wangu."

Isihaka aliposikia habari yote alishika kichwa. "Yule msichana ni Albina, wa Chiola. Alikuwa anakamua mbuzi, nzi akamwingia jichoni. Wewe ulikuwa kwenu Narung'ombe. Hamjawahi hata kukutana, ndugu yangu. Nimewakutanisha mimi, kwa gundi."

"Basi gundi yako ina nguvu kuliko ndoa yangu."

Biasha akaangua kicheko, lakini alipoona Jumaa anakaribia kulia akamgeukia mumewe. "Kamwite huyo mama aje aone picha nzima. Nenda mwenyewe, usitume mtu."

Isihaka akaenda. Mwanawetu akamsikiliza, akajibu, "Nitakuja na mashahidi."

Jumamosi alishuka kwenye lori na wanawake wa Narung'ombe, wakajipanga mbele kama baraza la kesi. Nyuma yao ghala lilijaa hadi mlangoni, maana kila aliyeona kionjo alitaka kujua nani atauawa. Safari hii Biasha hakushika kioo chochote. Picha ikaenda nzima, kama ilivyotoka idarani. Akatokea Albina, nzi akamwingia jichoni, akafumba. Baadaye sana akatokea Jumaa akitabasamu, na mbele yake, kwa ukubwa wake wote, beberu mwenye ndevu. Beberu akatoroka, Jumaa akamkimbiza hadi kwenye migomba, akaanguka.

Ghala zima likaangua kicheko. Jumaa akaruka juu ya benchi. "Mmeona? Mmeona wenyewe?"

Mwanawetu peke yake hakucheka. "Nimeona," akasema. "Miaka yote nimekupikia, nimekuzalia, wala hujanitazama hivyo hata siku ya Idi. Kumbe tabasamu hilo unalo! Unampa mbuzi!"

Mashahidi wakaguna kwa pamoja. Jambo hili lilikuwa zito kuliko lile la kwanza.

"Mtazame sasa hivi!" mmoja akaamuru.

Jumaa akageuka kumtazama mkewe, akavuta midomo huku na huku. Alifanana na mtu aliyemeza uji wa moto mbele ya wakwe. Akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi, jicho moja likaanza kucheza.

"Mleteeni beberu asimame nyuma ya mama!" mtu akapiga kelele kutoka mlangoni.

Hapo Mwanawetu akashindwa. Alicheka akashika mbavu, akacheka akakaa chini, kanga ikamtoka kichwani. Jumaa, kwa kumwona anavyocheka, akasahau kujitahidi, na uso ukajifungua wenyewe, mpana, wa kijinga, mtamu kabisa.

"Ndilo hilo!" wakapiga kelele wanawake.

Mwanawetu akalitazama kwa muda, akalikubali, akamwambia apakie baiskeli yake kwenye lori.

Isihaka alibaki na watu waliogoma kutoka mpaka waonyeshwe tena kile kionjo chekundu, maana walisema ndicho picha hasa. Huko Narung'ombe, beberu aliuzwa wiki iliyofuata. Mwanawetu alimpeleka sokoni mwenyewe, kwa kamba fupi, na Jumaa hakubisha.