Mwanamke Waliyemfuta kwa Picha

Wewe mama mwenye msichana anayeshinda kwenye video, weka kazi chini kidogo unisikie. Sikuandikii mambo ya kupendeza.

Mimi nauza chai na mandazi mlangoni mwa video ya Abdi, banda la kuonyesha sinema, hapa Migori mjini. Ukuta wa pale ni mabati, kwa hivyo kila picha naisikia, na wateja wakipungua nachungulia. Kuna hadithi moja ya mapenzi, ya Wazungu wa zamani, imetoka kwa kitabu. Abdi ana picha tatu za hadithi hiyo hiyo, kila moja imetengenezwa na watu wengine. Msichana anaitwa Klara. Anachumbiwa na kapteni wa meli, kapteni anasafiri miaka mingi, Klara anakataa wanaume wote akimngoja, mwisho kapteni anarudi. Ni hayo tu. Na watu wanalia mpaka wanasahau chai yangu.

Ya kwanza haina rangi. Miaka ya kungoja wanakuonyesha mti: majani yanaanguka, barafu inakuja, majani yanarudi, halafu kapteni huyo mlangoni na mvi kidogo juu ya masikio. Ya pili ni ya Kihindi. Hapo miaka yote inaishia ndani ya wimbo mmoja. Msichana anaanza kuimba na sari ya manjano, akimaliza bwana amesharudi na masharubu. Ya tatu ni ndefu, ilinaswa kutoka kwa televisheni. Hiyo angalau inamfuata kapteni huko aliko. Lakini anafanya nini huko? Anaangalia mwezi. Anabusu barua. Mwanamume mzima, miaka yote hiyo, anaangalia mwezi!

Msichana wangu, Mourine, alimaliza kidato cha nne akakaa nyumbani, na hiyo ya mwezi ndiyo aliipenda. Abdi alikuwa anamchokoza.

"Ya Kihindi ndiyo kiboko, Mourine. Hapo hata mimi mwenye video nalia."

"Hiyo ni kelele tu. Hii ndefu inafuata kitabu."

"Inafuata kitabu gani?" nikauliza. "Berta yuko wapi?"

Kitabu nilikisoma, kile kifupi cha Kiswahili, darasa la saba, kabla sijatolewa shule. Berta alikuwa dobi wa bandarini. Kapteni alilala kwake, akala kwake, akamzalisha. Berta akashikwa na kifua, akakonda, akafa, akazikwa na wanawake wenzake. Hapo ndipo kapteni akakumbuka kwamba kuna Klara. Berta ana sura nzima mle kitabuni, na picha zote tatu zilimfuta.

"Mama, ni sura moja tu," Mourine akasema. "Nani atalipa kiingilio aone dobi?"

"Na wewe unamngoja nani, hata ukafurahi dobi akifutwa?"

Akanuna. Sote tulijua ni nani. Byron alitoka hapa Mourine akiwa kidato cha kwanza, akaenda Mbita, kule ziwani, kwa biashara ya samaki, akamwambia amngoje. Akangoja kweli. Alimkataa mwalimu, akamkataa kijana wa Masara mwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu.

Krismasi ya tisini na saba Byron akarudi, amenona, shati jeupe.

"Unaona, wewe na hofu yako ya ugonjwa wa ziwani?" Mourine akaniambia. "Mgonjwa anajulikana kwa macho. Huyu ni mgonjwa?"

Siku zile huko ziwani maseremala walikuwa wameacha kutengeneza viti, ni majeneza tu. Watu walisema ni chira, laana ya kuvunja mila. Walisema hivyo wakiangalia chini, ukimwi hawautaji.

Januari wakaja kuleta ayie. Kwetu Wajaluo ng'ombe wa mahari ni maneno ya wanaume, lakini ayie ni pesa ya mama. Maana yake ni: nimekubali. Mama asipopokea, msichana haondoki kwa heshima. Byron alikuja na shangazi yake, Roselyn, na wazee wao. Mume wangu ni marehemu, kwa hivyo ndugu yake, Javan, ndiye aliwakaribisha. Kuku alikuwa mezani. Roselyn akanyoosha leso iliyofungwa pesa, kwa mikono miwili, akaniita Mama Mourine kwa lugha yetu.

"Min Mourine, pokea. Watoto wamengojana vya kutosha."

Mikono yangu niliiweka nyuma.

"Byron aniambie kwanza. Huko Mbita, nani alikuwa anakufulia hizi shati?"

"Shemeji!" Javan akaruka. "Hayo ni maneno gani mbele ya wageni?"

"Ni maneno ya shati. Ajibu."

Byron akacheka. "Nilijifulia, Mama. Jioni nakaa ufuoni, namfikiria Mourine."

"Ukiangalia mwezi."

"Mama, umeanza!" Mourine akasema.

Roselyn alifikiri naogopa mke mwenza. Akataka kunituliza. "Usihangaike, mama. Hakuna mtu huko. Yule tulishamzika, hata katoto kake. Msichana wako anaingia boma safi."

Hakuna aliyegusa kuku. Mourine alimgeukia Byron polepole.

"Mlimzika nani?"

"Ah, mama mmoja tu. Alikuwa ananipikia."

"Alikufa na nini?" nikauliza.

"Chira," Roselyn akasema, akiangalia chini.

"Basi kesho twende Homa Bay, hospitalini, Byron apimwe damu. Ikiwa safi, hiyo leso nitaipokea nikiimba."

Byron akasimama. "Nipimwe kama ng'ombe wa mnada? Wewe mama una roho mbaya. Mourine, inuka twende. Si uliniambia utakuwa kama yule wa picha?"

Mourine akasimama kweli. Kama angetoka mlangoni, singekuwa na la kufanya.

"Alikuwa anaitwa nani?" akamuuliza.

"Hayo yamepita."

"Nimekuuliza jina."

Byron alimwangalia shangazi yake, akaangalia mlango. Jina la mtu aliyempikia miaka hiyo yote, lilimshinda kutamka mbele yetu. Mourine akaketi.

Waliondoka wakitutukana mpaka barabarani. Javan hanisalimii tena, anasema nilimkosesha ng'ombe wa mahari. Mourine naye alihamia kwa dada yangu, kule Rongo, aliniambia ningemuuliza yule mtu kando, si kumvua nguo mbele ya wazee. Aseme. Kando angenidanganya.

Machi Byron alioa msichana mwingine, na hospitali hakuwa amekanyaga. Niliposikia, nikatafuta njia nimfikie mama wa huyo msichana. Watu wakaniambia nisijisumbue. Mama huyo alipokea ayie siku ile ile ilipoletwa, akapiga vigelegele, na msichana ameshaenda Mbita.

Kwake nilichelewa. Wewe bado. Wakija na leso, uliza kabla hujanyoosha mkono.