Tausi wa Ba

Jumanne asubuhi, siku ya kumi tangu mwili wa Ba uchomwe kwa desturi ya Wahindu, Phyllis, mfanyakazi wa nyumba, alikuwa akikanda unga wa chapati jikoni, nyuma ya duka la vitambaa la Jashbhai mjini Nyeri. Alipopandisha mikono ya blauzi aliona tausi amechorwa kwenye ngozi ya mkono wake wa kulia, chini ya tausi nge, na chini ya nge nukta ishirini na moja. Akamaliza kukanda kwanza, kisha akanawa kwa sabuni. Alama hazikutoka.

Alizijua. Kwa miaka kumi na tisa aliuosha mkono wa Ba wenye alama hizohizo. Ba ndilo jina ambalo nyumba nzima ilimwita Rasila, mamake Jashbhai. Ba alichorwa akiwa na miaka tisa kijijini kwao Gujarat, kwa sindano na masizi. Alipoletwa Nyeri kuolewa, mumewe alimwambia avae mikono mirefu, wenye mji wasimwone mshamba. Aliivaa miaka sitini.

"Dhahabu watanivua," alizoea kumwambia Phyllis. "Hizi tu ndio nitaenda nazo."

Basi hakwenda nazo.

Jashbhai alileta miwani na picha ya zamani ya Ba, mikono wazi, akahesabu nukta. Zilitimia.

"Hizi ni za familia," alisema.

"Ni ukweli, boss. Kama zinaweza kutoka, chukua."

Jashbhai alijaribu mafuta ya nazi, kisha ndimu. Mwishowe akaushika mkono wa Phyllis kwa mikono yake miwili, akalia kuliko alivyolia siku ya msiba. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, alipitia jikoni kuusalimia.

Kanisani Mweiga, Magdaline, mwenyekiti wa akina mama, alimvuta Phyllis kando.

"Mama Kim, wewe ni mtu mzima. Tatuu ni ya nini?"

"Sikuchorwa. Niliachiwa na Ba."

Magdaline hakubisha; marehemu huacha vitu. "Hata kama uliachiwa, watoto wanaona. Vaa sweta, na ukae nyuma kidogo."

Phyllis, aliyekuwa akianzisha nyimbo miaka yote, akahamia nyuma. Hakukasirika. Ba alikuwa na watoto watatu na wajukuu saba, na bado alimchagua yeye. Akaomba apewe Jumapili moja ya kutoa shukrani.

Siku hiyo ya shukrani Roshni, bintiye Jashbhai, alikuja kanisani kutoka Nairobi akiwa na blauzi isiyo na mikono. Alikuwa amechorwa nge kama wa nyanya yake, katika duka la tatuu huko Westlands, Nairobi. Magdaline aliushika mkono wake, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Imetoka vizuri sana," alisema, akampa kiti cha mbele na kumpiga picha.

Phyllis alikaa benchi la mwisho, vifungo vyote vya sweta vimefungwa. Zamu yake ilipofika alisimama palepale, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mama aliyekubali kuondoka bila chochote ili yeye abaki na kitu. Chini ya sufu tausi alikuwa ametandaza mkia, na mkono wote ulikuwa na joto.

Watu wakasema amina bila kugeuka.