Goti la Upande wa Pili

Daktari aliandika goti la kulia. Goti la mama lililokaza baada ya plasta ya mguu uliovunjika kutolewa ni la kushoto, na hata kipofu angelijua kwa kupapasa: limevimba kama boga. Lakini daktari keshaenda semina, na mtaalamu wa viungo, kijana mwenye mikono ya seremala, alisimama kando ya kitanda ameificha mikono hiyo mgongoni.

"Ruhusa niliyopewa ni ya kulia," alisema. "Nikigusa la kushoto, baraza la wataalamu litanifutia leseni."

"Sasa mwanangu," mama akamwambia, "hili la kulia utalifanyaje? Utalipa pongezi?"

Hakucheka. Nikamuuliza daktari anarudi lini. Wiki ijayo, labda. Na goti likikaa hadi wiki ijayo bila kukunjwa?

"Likigandia hapo, ngazi atazisikia tu."

Mama anaishi ghorofa ya tatu.

Naikumbuka sheria hiyo, ya kutogusa kiungo ambacho daktari hakukiandika, ilipopitishwa. Tulisimama nje na mabango, jua la utosini, mheshimiwa mmoja akashusha kioo cha gari akasema inatulinda dhidi ya matapeli. Matapeli wangali wananenepa.

"Ndugu wa mgonjwa hahitaji leseni," mtaalamu akasema, kama anauambia ukuta. Akalishika goti la kulia, lile zima. "Mkono mmoja chini ya paja. Mwingine kwenye kifundo. Hivi."

Nikaelewa. Nikalishika la kushoto. Tukainama juu ya kitanda kimoja, yeye akikunja mguu usioumwa, mimi unaoumwa, na mikono yangu imezoea kubeba vipaza sauti vya maandamano tu.

"Ukifika linapogoma, simama."

Linapogoma ni wapi? Hilo huhisiwa na kiganja kilichosomea. Nikasukuma. Mama akauma ncha ya shuka, machozi yakamtoka.

Mkono wa kijana ukaruka hadi karibu na goti bovu, ukaning'inia hewani. Kisha akaurudisha mgongoni.

"Umepitiliza, kaka," akasema. "Mwekee barafu. Leo basi."

Mama akajifuta macho. "La kulia limepona kabisa. Mwambie daktari wako ahsante."

Tulipofika nyumbani nilimbeba mgongoni kupanda ngazi, nikilitukana baraza kila ghorofa. Mlangoni akanigonga bega.

"Kesho tutalikunja tena?"

"Tutafanyaje, mama. Tutalikunja."

"Basi kata kucha kwanza."