Kompyuta ya Kutazamia Mazishi

Kompyuta iliwaka, feni ikavuma, nembo ikatokea, kisha kioo kikageuka bluu na kuzima. Ikajiwasha tena yenyewe. Nembo, bluu, giza. Fundi aliitazama kama mtu anayemtazama jirani akifagia uwanja.

"Imekufa tena," alisema shemeji yake kutoka kwenye kochi, kisha akajiziba mdomo.

Shemeji huyu, mdogo wa mkewe, walimwita Wakili kwa sababu hakuwahi kushindwa na neno. Leo maneno yalikuwa yakimtoka kabla hajayapima.

Alasiri hiyo mtoto wa kiume wa Fundi na mkewe, wa pekee, alikuwa anazikwa ng'ambo alikofanyia kazi. Viza hazikutoka kwa wakati. Wenzake wa kazini waliahidi kuyaonyesha mazishi moja kwa moja kwenye mtandao. Mtu mwingine angetosheka na simu, lakini mkewe, Mama, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwenye simu haoni ila sisimizi. Ndiyo maana jana Fundi alifungua kompyuta kubwa ya sebuleni, akachomeka RAM mpya, kijiti cha kumbukumbu, kando ya ile ya zamani, ili picha isije ikakwama mwanawe akiwa nusu njia kuteremka kaburini.

RAM yenyewe aliituma mtoto, katika kifurushi chake cha mwisho, imeviringishwa ndani ya soksi. "Baba, hiyo kompyuta yako ni kobe," alisema kwenye simu. Fundi alimjibu kwamba kobe naye hufika, akaitupa kabatini na soksi yake. Alikuwa ametengeneza redio za watu maisha yake yote, umeme aliusoma darasa la jioni baada ya kazi, na hakuzoea kuletewa vipuri na mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi.

Kanuni aliyomfundisha mtoto huyo ilikuwa moja: kitu kikiharibika baada ya kukigusa, mwizi ni kile ulichokigusa. Kitoe hicho kwanza. Tena jaribu kimoja kimoja, usivuruge viwili kwa pamoja.

Lakini tangu asubuhi alikuwa amefuta vumbi la feni, amebadilisha waya wa umeme, amechomoa printa, amechomoa kipanya, amesafisha meno ya kila plagi. Alizunguka kama mtu anayetafuta miwani naye ameivaa. Mikono ilifanya kazi vizuri. Kwingine kote kulikuwa na ganzi, kama shavu lililodungwa sindano ya jino.

"Shemeji, ipige kofi," alisema Wakili. "Redio zako si ulikuwa unazipiga kofi?"

"Wateja ndio walikuwa wanazipiga. Mimi nilikuwa nazitibu madhara ya kofi."

"Basi nikusaidie. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Hapa hakuna chawa. Kaa."

Wakili akakaa. Simu yake ikalia. Aliisoma, akakohoa. "Wamefika makaburini. Wanasubiri gari la pili."

Fundi akachukua kitambaa, akaanza kufuta tena feni aliyokwisha kuifuta.

Mama alikuja kutoka chumbani akipapasa ukuta. Akavuta kiti chake hadi kando ya meza, akaketi. Alisikiliza feni ikivuma na kunyamaza, ikivuma na kunyamaza.

"Baba, unajua inaumwa nini?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipozima mara ya kwanza."

"Sasa mbona unaifuta kama sahani?"

Fundi alitazama kitambaa mkononi. "Ikiwaka tutamwona," alisema.

Wakili aligeuza uso dirishani. Mama aliweka mikono mapajani.

"Ndiyo," alisema. "Ikiwaka tutamwona. Isipowaka atazikwa vilevile."

Fundi akachomoa umeme. Akabonyeza vibana, RAM mpya ikaruka nje kama punje ya bisi. Akawasha. Nembo ikaja, ikapita, ikaja picha ya kawaida ya maua.

"Hiyo!" Wakili aliruka kutoka kwenye kochi. Kabla hajafika mezani, kioo kilikuwa kimezimwa. "Shemeji! Unazima nini tena, jamani?"

"Sijamaliza kupima."

"Kule hawatakusubiri upime!"

"Mwache," alisema Mama.

Fundi akatoa ile ya zamani, akaweka mpya peke yake, akawasha. Maua yakaja tena, upesi kuliko kwanza. Fundi alitikisa kichwa. Kila moja ilikuwa nzima. Zikikaa pamoja ndipo zinapogomeana.

"Acha ya mtoto," alisema Mama.

Fundi alikuwa ameshaiacha. Ile ya zamani akailaza ndani ya kisosi cha skrubu, na kifuniko hakukirudisha. Wakili akasoma anwani kutoka kwenye simu, herufi kwa herufi, Fundi akaichapa kwa kidole kimoja.

Picha ikafunguka. Mama aliinama hadi pua ikakaribia kioo. Alikaa hivyo, akihamisha uso kushoto na kulia, kisha akarudi nyuma.

"Naona kijani. Na weusi-weusi. Baba, niambie wewe."

Fundi alikuwa akitazama ukingo wa meza. Akainua macho.

"Kuna majani," alisema, kwa sauti ileile aliyotumia kumwambia mteja redio yake imeungua wapi. "Yamekatwa juzi juzi. Watu kama kumi, makoti meusi. Mmoja ana mwavuli lakini hakuna mvua."

"Usiruke kitu. Kimoja kimoja."

"Jeneza ni la mbao nyepesi. Vishikio vitatu upande huu. Cha katikati kimelegea, skrubu yake haijaingia yote."

"Mh."

"Wamepitisha kamba chini yake. Wanne wameshika. Sasa wanalegeza."

Akanyamaza. Wakili alikuwa amesimama nyuma yao. Feni ilivuma bila kukatika.

"Mbona kimya?" aliuliza Mama. "Imekwama?"

Fundi alitazama. Kamba zilikuwa zikipita mikononi mwa watu wale, kidogo kidogo, na picha haikutetereka hata mara moja.

"Haijakwama," alisema. "Inakwenda vizuri."