Mchicha wa Sadaka

Semeni alisimama katikati ya geti la karakana ya zamani ya kuyeyushia betri, pembezoni mwa Makorora, panga lake la palizi mkononi.

"Halitoki hata fungu moja!"

Nyuma yake mchicha umestawi, majani mapana kama sahani. Yeye mwenyewe aliupanda. Mtaalamu wa mradi, Bi Elizabeti, aliwaambia vibarua wote: udongo huu umeshiba risasi, ile sumu ya betri, mchicha utaifyonza, kisha mtaung'oa na lori litaupeleka kwenye tanuri ukachomwe. Si mboga huu. Semeni hakungoja kuambiwa mara mbili. Mwanawe Yasini alikuwa akiuchezea udongo ule. Alikakamaa, akatokwa na povu, akamfia mapajani. Kabaki Nasra, wa miaka tisa.

Lakini Bi Elizabeti kesharudi kwao. Mafuta ya lori, Rahimu msimamizi kayanywesha pikipiki yake, na Jumatatu wakaguzi wanakuja kutazama shamba lililokwisha ng'olewa. Basi katangaza kwa kipaza sauti: sadaka ya mboga, kila mtu na kapu lake. Na sadaka ya Ijumaa, nani huikataa?

"Weka panga, mama," Rahimu alisema akicheka. "Waonee haya wenzio."

"Waambie kilichomo! Waambie kilichomuua mwanangu!"

"Mwanao alikuwa na kifafa." Akawageukia wanawake waliojazana getini na makapu yao. "Jamani, huyu tangu jana anautaka mzigo wote, akauze sokoni Ngamiani."

Kundi likanguruma.

"Hasidi!"

"Wanetu wanalala na chai kavu, wewe unatubania majani?"

Zuwena, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyeanza kumvuta mtandio. Wengine wakashika nywele. Panga likaanguka. Rahimu akamkonyeza mlinzi wa geti, na rungu likashuka mara moja tu. Taya la Semeni likalia kama ukuni mkavu. Alipoanguka, ndala zilimkanyaga mgongoni, zikaenda, zikarudi na makapu yamejaa.

Adhuhuri Zuwena alimrudisha kwake kwa mkokoteni, akamlaza jamvini, akamfunga taya kwa kanga.

"Nisamehe, shoga. Shetani tu yule."

Semeni akajaribu kusema. Kilichotoka ni damu na kipande cha jino.

"Usiseme. Damu imekutoka nyingi mno." Zuwena akageuka uani. "Nasra! Kuna nazi? Nimekuja na mchicha, umpikie mama'ko. Mchicha huongeza damu."

Mtoto akakaa kwenye mbuzi, akakuna nazi upesi upesi. Semeni akapiga sakafu kwa kiganja. Akapiga tena.

"Sikia, njaa hiyo," alisema Zuwena.

Bakuli la mchuzi wa kijani lilipofika mdomoni, Semeni alilipiga, likamwagika lote jamvini. Nasra akaanza kulia.

"Maumivu tu hayo, mwanangu, usimlaumu. Kuna mwingine sufuriani. Nawe hujala tangu jana."

Nasra akakaa karibu na kichwa cha mama yake, akanawa. Semeni akamkamata kifundo cha mkono, kucha zikazama. Zuwena akainama, akavifungua vile vidole, kimoja kimoja.

"Mwache mtoto ale, shoga."

Kwa mkono wa kushoto Nasra akamfukuzia mama yake nzi. Kwa wa kulia akamega ugali, akachovya.