Mwalimu Perez na Mwisho wa Kikosi cha Nyota

Jumapili Kikosi cha Nyota waliporudi kwenye televisheni, duka la Mbarak pale Busia lilijaa tangu saa tisa alasiri. Ilikuwa Aprili 1979. Kila mtu alijua Kampala imeanguka na askari wa Uganda wanakimbia hovyo kuelekea mpakani. Lakini mashujaa wale wa angani hawakuwa wameonekana kwa miaka kumi, na sasa walikuwa wametengenezewa filamu mpya, wote kwa pamoja. Nani angebaki nyumbani?

Mwalimu Perez alikaa mbele, juu ya kreti ya soda, sketi ameibana magotini, maana yeye ndiye aliyewatafsiria wenzake kile Kiingereza cha puani.

"Kapteni amestaafu, anafuga nyuki," alieleza. "Wamekuja kumwambia adui wa ile sayari wamerudi."

"Na kitambi ameota!" alidakia Mzee Wandera, watu wakaangua kicheko.

Kicheko kilikatika ghafla kule nyuma. Perez aligeuka. Mlangoni alisimama askari wa Uganda, sare imechanika begani, buti halina kamba, bunduki mkononi.

"Mtu asitoke," alisema. Kisha macho yake mekundu yakatua kwenye picha. "Hawa si walikufa?"

Watu wakatazamana.

"Nauliza!"

"Hawakufa, afande," Perez alijibu. "Walistaafu tu. Wameitwa tena."

Askari akaketi kwenye benchi nyuma yake. Perez alisikia mtutu ukigusa kreti aliyokalia.

"Endelea, mwalimu. Wanasema nini?"

Akaendelea. Maneno aliyoyajua tangu chuoni yalimponyoka. Aliporuka sentensi moja, sauti ilimkemea kutoka nyuma: "Amesema mengi kuliko hayo!"

"Samahani, afande."

"Nilikuwa naangalia hii na watoto wangu kule Jinja."

"Sasa wako wapi?" aliuliza Zulaika, mke wa Mbarak.

"Usiniulize!"

Zulaika akajifunika mdomo kwa mtandio. Muda huohuo picha ikaanza kusinyaa kutoka pembeni, ikawa kitone cheupe, ikazimika.

Askari aliruka wima. "Nani amezima?"

"Betri, afande! Wallahi ni betri, imekwisha," Mbarak alisema, mikono juu.

Bunduki ililia *kacha*. Mama mmoja akaanza kusali kwa Kiteso, chini kwa chini.

"Mwalimu, mwisho wake ni nini?"

Perez hakuujua. Hakuna aliyewahi kuiona filamu ile. Lakini mdomo wake ulishafunguka.

"Wanashinda," alisema. "Halafu Kapteni anavua sare. Anaacha silaha pale pale, anaenda zake kwa miguu kama raia. Hakuna anayemfuata."

"Uongo. Kapteni hawezi kuacha silaha."

Perez alifumba macho. Alijaribu kumkumbuka mama yake kule Marachi, sura ikakataa kuja. Alihisi sketi yake imelowa na wala hakuona haya.

"Wewe mwenye duka," sauti ilisema nyuma yake. "Lete shati. Na suruali."

Askari alibadilisha nguo mbele yao, mgongo wake umejaa makovu. Sare na bunduki aliviacha kwenye benchi, akatoka bila kuaga. Mpaka polisi walipofika hakuna aliyekuwa amethubutu kusimama.

"Amepita njia gani?" waliuliza.

Perez alikuwa amemwona akishika barabara ya Mumias.

"Sikuona," alisema.

Bunduki ilichukuliwa, na habari za askari yule hazikusikika tena. Watu walimsifu Perez sokoni, wakisema ana moyo wa simba. Shule zilipofunguliwa Mei, mtoto mmoja aliangusha mfuniko wa dawati. Darasa zima likashangaa kumwona mwalimu amejikunyata chini ya meza, mikono kichwani, akinong'ona, "Naendelea, afande, naendelea."